Video Ni Gigabaiti 180, Laini Ni Nyembamba: Jinsi ya Kuituma Kutoka Nairobi Ikafika

Harusi ya Limuru imeisha Jumamosi usiku. Kamera mbili, drone, kinasa sauti cha mchungaji, na ukimaliza kumwaga kadi zote kwenye diski unakuta gigabaiti 180. Mhariri yuko Mombasa na anataka kuanza kazi Jumatatu. Shangazi wa bibi harusi yuko Minnesota, hakuweza kusafiri, na anauliza kila mara kama video imetoka. Ukiiburuta folda nzima hadi kwenye kivinjari kisha uende kulala, asubuhi utakuta mstari wa kupakia haujafika hata robo, au umekatika usiku wa manane na unakuomba uanze upya.

Nimehariri na kutuma video kutoka jiji hili kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba saa nyingi hupotea kabla laini haijaguswa. Tunatuma vitu ambavyo hakuna aliyeviomba, kwa ukubwa ambao hakuna anayeuhitaji, kupitia njia ambayo hatukuipima. Hatua hizi nimezipanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe. Ukiruka mbili za kwanza, hizo zingine hazitakufaa sana.

Hatua ya 1: Pima kasi ya kupakia, kisha piga hesabu

Nambari kubwa kwenye bango la kampuni ya intaneti kwa kawaida ni kasi ya kupakua. Mitandao mingi ya nyumbani imejengwa kwa ajili ya mtu anayetazama kuliko anayetuma: 4G, setilaiti na nyaya za televisheni zote hutenga sehemu kubwa ya njia kwa kupakua na kuacha sehemu ndogo ya kupakia. Vifurushi vingine vya faiba hutoa kasi sawa pande zote mbili, vingine havitoi. Kabla hujalipia, muulize muuzaji waziwazi: "Kasi ya kupakia ni ngapi?" Akikurudishia nambari ileile ya bango bila kufikiri, tafuta jirani mwenye kifurushi hicho umwombe apime ukiwepo.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Chomeka laptopu kwenye rauta kwa kebo, simamisha shughuli nyingine zote, ufungue Speedtest au fast.com. Fast.com hutanguliza kasi ya kupakua. Bonyeza sehemu ya maelezo zaidi ndipo uone ya kupakia. Speedtest nayo huchagua yenyewe seva iliyo karibu, mara nyingi hapahapa Nairobi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Data inayobaki nchini inaweza kupitia KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data, ikafika bila kuvuka bahari. Video inayokwenda kwenye seva ya Ujerumani inashuka kwanza hadi Mombasa, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari kama TEAMS, SEACOM au EASSy, na safari ndiyo kwanza inaanza. Kwa hiyo badilisha seva kwa mkono, uchague ya Frankfurt au London, upime tena. Nambari hiyo ya pili ndiyo ya kupangia kazi. Ipime asubuhi, saa mbili usiku wakati mtaa mzima umesharudi nyumbani, na ukiweza saa kumi alfajiri. Tofauti utaiona.

Ziko pia siku ambazo tatizo haliko kwako wala kwa kampuni yako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na nchi za jirani. Siku kama hiyo usihangaike kuzima na kuwasha rauta. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya diski, huko chini.

Sasa hesabu. Kasi huandikwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps, lakini faili hupimwa kwa gigabaiti. Baiti moja ni biti nane, ndiyo maana laini ya Mbps 10 hupakia megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Kanuni ninayoitumia ni hii: chukua gigabaiti, zidisha kwa 2.5, gawanya kwa Mbps za kupakia. Jibu ni saa. Hesabu kamili ingezidisha kwa 2.2 na ushei. Hicho kilichoongezwa kinafidia kukwama kwa njia. Harusi yetu ya gigabaiti 180 kwa laini ya Mbps 10 inachukua saa 45. Kwa Mbps 5 ni saa 90, karibu siku nne usiku na mchana bila kukatika hata mara moja. Faili ya gigabaiti 6 kwa Mbps 10 ni saa moja na nusu.

Jibu likizidi saa nane, mzigo huo bado haujawa tayari kwenda kwa intaneti. Ama upunguzwe, ama upande boda.

Hatua ya 2: Uliza anayepokea ataifanyia nini

Swali hili linaokoa muda kuliko rauta yoyote utakayonunua. Anayetaka video anaitaka kwa moja kati ya sababu tatu: kuitazama, kuiidhinisha, au kuihariri. Kila sababu ina ukubwa wake.

Wa kutazama mwandikie ujumbe mapema, kabla hujarenda chochote, yaani kabla hujatoa video ya mwisho kutoka kwenye programu ya kuhariri:

"Habari za jioni, Mama Baraka. Video ya sherehe iko karibu kuwa tayari. Shangazi ataitazama kwa simu au kwa televisheni? Nikijua, nitaituma kwa ukubwa unaomfaa aipate kesho asubuhi badala ya Alhamisi. Ile ya ubora kamili nitawawekea kwenye flashi mkipita ofisini."

Atakujibu, "Asante, kijana wangu. Ni simu tu, tena ile yake ya zamani." Kwa jibu hilo moja, gigabaiti 20 zimegeuka kuwa mbili.

Wa kuidhinisha, tuseme shirika au kampuni ya matangazo, anachunguza mtiririko, maandishi na sauti. Mpe nakala nyepesi yenye jina lako juu ya picha na saa ya video ikionyesha pembeni, ili aweze kusema "dakika ya 2 na sekunde 14, badilisha". Usitume ubora kamili kwa duru ya maoni, maana utautuma tena kesho, na tena keshokutwa.

Wa kuhariri ndiye anayetisha watu, na ndiye mwenye nafuu kubwa kuliko wote. Mhariri wa Mombasa hahitaji gigabaiti 180 ili aanze kukata. Anahitaji nakala nyepesi za klipu zote, zile ambazo wahariri huziita proksi. Programu za kuhariri za DaVinci Resolve, Premiere Pro na Final Cut zote hutengeneza proksi zenyewe. Chukua mfano wetu: kamera zinazorekodi 4K kwa Mbps 100 hujaza gigabaiti 45 kwa saa, hivyo gigabaiti 180 ni takriban saa nne za picha. Saa hizo nne zikigeuzwa kuwa proksi za Mbps 5, unabaki na gigabaiti 9. Kwa laini ya Mbps 10, hizo ni saa mbili na robo. Mhariri anakata kwa proksi, kisha anakurudishia faili ya mradi peke yake, ambayo aghalabu ni ndogo kiasi cha kwenda kwa barua pepe. Wewe uliye na picha asili hapa Nairobi unaziunganisha tena na mradi huo, unarenda, kazi imekwisha. Picha asili hazikutoka mlangoni.

Yapo masharti, na yasipofuatwa utalia. Majina ya proksi yafanane na ya picha asili. Idadi ya fremu, zile picha mojamoja zinazounda video, kwa sekunde isibadilike: kama ulirekodi 25, proksi ziwe 25. Njia za sauti ziwe idadi ileile. Saa ya ndani ya klipu ibaki kama kamera ilivyoiandika. Tuma klipu chache kwanza, mhariri azikate ovyoovyo, arudishe mradi, nawe uhakikishe kila kitu kinaungana. Jaribio dogo namna hiyo siku ya kwanza linakinga mafarakano ya siku ya mwisho. Sauti ya kinasa cha mchungaji itume kwa ubora wake kamili, kwa sababu sauti ni nyepesi na haina haja ya kukamuliwa.

Hatua ya 3: Punguza uzito bila kuharibu picha

Ikiwa lazima picha asili ziende, anza kwa kutupa. Katika harusi yoyote kuna klipu za kamera iliyosahauliwa ikiwa inarekodi zulia, majaribio ya drone, dakika kumi za kusubiri gari. Programu ya LosslessCut hukata vipande hivyo bila kugeuza picha upya, kwa hiyo ubora haupungui hata kidogo na kazi huisha kwa sekunde. Kama uhariri umeshafanyika, Resolve na Premiere Pro zina sehemu ya kukusanya zile klipu zilizotumika tu, huku zikibakiza fremu chache za ziada kila upande. Video ya dakika kumi iliyotokana na saa nne za picha hupungua kwa namna ambayo huwezi kuiamini mpaka uione.

Kwa video iliyokamilika, ukubwa unaamuliwa na kiwango cha biti, yaani Mbps ngapi zinatumika kwa kila sekunde ya picha. Zidisha Mbps za video kwa 0.45 upate gigabaiti kwa kila saa. Wengi hurenda kwa ProRes 422 HQ, muundo mzito wa video wa wahariri, kwa sababu waliambiwa ndiyo bora; kwa 1080p, yaani HD kamili, na fremu 25 hiyo ni kama Mbps 184, yaani gigabaiti 83 kwa saa. Ni nakala nzuri ya kuweka kabatini. Si ya kumtumia shangazi. YouTube wenyewe hupendekeza Mbps 8 kwa 1080p ya fremu za kawaida, na Mbps 35 hadi 45 kwa 4K. Mimi kwa mteja hutoa 1080p ya H.264, mbinu ya kubana video inayochezwa karibu kila mahali, kwa Mbps 12 hivi: saa nzima ni gigabaiti 5.4, na kwenye televisheni ya sebuleni hakuna atakayeona upungufu.

Kama hujui uchague nambari gani, tumia HandBrake, programu ya kugeuza na kubana video. Ni ya bure. Chagua MP4, H.264, kisha kwenye kipimo cha ubora weka 20. Nambari ikishuka, ubora hupanda na faili hunenepa; ikipanda, kinyume chake. Pitisha kwanza dakika moja ya sehemu ngumu, kama vile kucheza ngoma chini ya taa za ukumbi au majani yanayopepea, uitazame kwenye skrini kubwa. Ikipita hapo, zilizobaki zitapita. H.265, mbinu mpya zaidi ya kubana, hupunguza faili kwa karibu nusu kwa ubora unaokaribiana, lakini simu na kompyuta za zamani hukwama kuicheza, na kuirenda huchukua muda mrefu kwenye laptopu dhaifu. Itume kwa mtu unayejua kifaa chake.

Kubana video kwa zip hakupunguzi kitu. Picha za video zimeshabanwa ndani ya kamera. Zip itakupotezea nusu saa na kukurudishia ukubwa uleule. Faida yake pekee ni kukusanya faili nyingi kuwa moja, au kuigawa moja kuwa nyingi, na hilo tutalifikia.

Hatua ya 4: Jua nani nyumbani anakula njia ya kupakia

Tembea nyumba nzima kabla hujalaumu kampuni. Kamera za ulinzi zinazotunza picha mtandaoni hupakia usiku na mchana, na mbili tu zinaweza kumaliza sehemu nzuri ya laini ndogo. Simu za watoto zinapandisha picha kwenye Google Photos kila zikiingia kwenye waifai. Dropbox na OneDrive zinafanya kazi kimyakimya kwenye kompyuta ya ofisi. Windows nayo ina mpangilio wa kugawia kompyuta nyingine masasisho iliyoyapakua, na kugawa huko hutumia laini yako ya kupakia. Uzime kwenye mipangilio ya masasisho. Ingia kwenye ukurasa wa rauta uone vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta simu usizozijua, badilisha nywila ya waifai usiku huohuo.

Waifai yenyewe ni chanzo kingine. Katika fleti za Roysambu, Umoja au Pipeline, ghorofa moja ina rauta za familia kadhaa, zote zikigombea masafa ya 2.4 GHz. Hamia 5 GHz ikiwa rauta inayo, ukae chumba kimoja nayo, maana masafa hayo hayapendi kuta. Bora zaidi, nunua kebo ya Cat5e pale Luthuli Avenue, uipitishe ukutani, uachane na waifai kabisa kwa kazi ya kupakia.

Kisha fanya jambo linaloonekana kinyume: punguza kasi ya kupakia kwa hiari yako. Kila kinachopakuliwa nyumbani huhitaji majibu madogo kurudi kwa seva kusema "nimepokea", na majibu hayo hupita kwenye njia ileile ya kupakia. Ukiijaza hadi pomoni, majibu yanapanga foleni, kurasa hazifunguki, simu za WhatsApp zinakatikakatika, mwishowe mtu anachomoa rauta kwa hasira na wewe unapoteza usiku mzima. Ziweke programu zitumie kama asilimia 80 ya kasi uliyopima. Google Drive ya kwenye kompyuta ina sehemu ya kuweka kikomo hicho. Nyumba itapumua na upakiaji utachelewa kidogo tu.

Hatua ya 5: Chagua njia inayoweza kuendelea ilipokatikia

Kwa Nairobi hiki ndicho kigezo changu cha kwanza, kabla ya bei na kabla ya uzuri wa ukurasa. Laini itakatika. Njia inayoanza upya kila ikikatika haifai kwa faili inayozidi gigabaiti moja.

Video ya familia ya kutazamwa, iweke YouTube kama video isiyoorodheshwa, inayofunguliwa na mwenye kiungo tu. Shangazi hahitaji kupakua. YouTube itampa ubora unaolingana na intaneti yake. Akaunti ambayo haijathibitishwa kwa nambari ya simu hairuhusiwi video inayozidi dakika 15, basi ithibitishe mapema. Na ujue kwamba muziki wa kununuliwa uliouweka chini ya picha unaweza kuzuia video au kunyamazisha sauti.

WhatsApp huikamua video mpaka sura zinavurugika ukiituma kama video. Itume kama hati. Kikomo ni gigabaiti 2. Telegram pia inaruhusu gigabaiti 2 kwa akaunti ya bure.

Google Drive hutoa gigabaiti 15 bure, lakini zinagawanywa na barua pepe na picha zako, kwa hiyo angalia nafasi iliyobaki kabla ya kuanza. Usipakie mizigo mizito kupitia kivinjari. Sakinisha programu yake ya kompyuta, nakili faili kwenye folda, uiachie. Umeme ukirudi itaendelea yenyewe.

Anayefanya kazi hii kila wiki ajifunze rclone. Ni programu ya bure ya kuandika amri, na inaunganishwa na Drive, Dropbox na hifadhi nyingine nyingi. Huacha faili zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki, na hupakia faili kadhaa kwa pamoja, jambo linalosaidia sana kwa seva za mbali kwa sababu mkondo mmoja peke yake mara nyingi haujazi laini pale safari inapokuwa ndefu. Amri kama hii:

rclone copy Harusi drive:Harusi --progress --transfers 3 --bwlimit "06:00,400k 23:00,off"

inaiambia ipakie polepole kuanzia saa kumi na mbili asubuhi watu wakitumia intaneti, kisha ifungue njia yote kuanzia saa tano usiku.

Udhaifu wake ni kwamba ukiizima katikati ya faili moja kubwa, faili hiyo inaanza mwanzo. Dawa ni kugawanya. Fungua 7-Zip, programu ya kufungasha faili, chagua kuhifadhi bila kubana, uweke vipande vya 2000M. Faili ya gigabaiti 20 itakuwa vipande kumi hivi vinavyoishia .001, .002 na kuendelea. Kipande cha saba kikiharibika, unatuma cha saba tu. Anayepokea aviweke vyote kwenye folda moja, afungue cha .001, mwandikie hilo, maana wengi hawajui na watakupigia simu usiku.

Hatua ya 6: Linda usiku wako

Saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ndiyo dirisha la kazi nzito. Kabla ya kulala, angalia tokeni za stima zimebaki ngapi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini mita ikizima saa nane usiku hakuna programu itakayokuokoa. Tumia laptopu yenye betri nzima badala ya kompyuta ya mezani. Rauta nayo inunulie UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12, ile ya ukubwa wa kitabu. Laini nyingi za faiba za nyumbani hazihitaji umeme njiani kati ya kituo cha kampuni na ukuta wako, hivyo rauta na kisanduku cha faiba vikiwa na betri, mara nyingi intaneti hubaki hata mtaa ukiwa gizani. Kwa intaneti ya antena za paani mambo hutegemea pia kama mnara wa jirani una betri.

Zuia kompyuta isilale. Kwenye Windows weka kulala kuwe "kamwe" ikiwa kwenye chaja, na usifunge kifuniko. Kwenye Mac fungua Terminal, andika caffeinate -i, uache dirisha hilo wazi. Ahirisha masasisho ya Windows hadi mchana.

Hatua ya 7: Bando la simu, kwa tahadhari

Data ya simu inafaa kwa faili za gigabaiti chache, au faiba ikiwa imelala. Weka simu dirishani upande ulio na mnara, iunganishe na kompyuta kwa kebo ya USB badala ya hotspot, na ujaribu madirisha mawili matatu ukipima kila moja. Kupakia kunakula bando sawa na kupakua, na jaribio lililokatika halirudishiwi. Hakikisha pia laini haitaendelea kula salio bando likiisha.

Ukiamua kwenda kwa rafiki mwenye ofisi Upper Hill au Westlands, pima kasi ya kupakia kabla hujafungua kazi. Migahawa mingi huwekea kila kifaa kikomo.

Hatua ya 8: Diski ikasafiri yenyewe

Rudi kwenye hesabu. Basi la usiku la Mombasa likichukua saa 10 na limebeba gigabaiti 180, ni sawa na laini ya Mbps 40 isiyokatika hata sekunde moja. Ndani ya Nairobi, boda kutoka Kasarani hadi Kilimani inashinda karibu kila kifurushi cha nyumbani. Hakuna aibu katika hili. Studio kubwa duniani nazo husafirisha diski.

Umbiza diski (format) kwa mpangilio wa exFAT, isomeke kwenye Windows na Mac. FAT32 haikubali faili inayozidi gigabaiti 4. Usitume kamwe nakala pekee: mbili zibaki kwako, moja iende. Funga folda kwa nywila ya 7-Zip, na nywila uitaje kwa simu, usiiandike ndani ya bahasha. Chukua risiti ya mzigo, andika jina na nambari ya mpokeaji kwenye diski yenyewe pia, uifunge kwa sponji. Kwa ng'ambo, jamaa anayepanda ndege JKIA akibeba diski ndogo ya SSD kwenye mkoba wa mkononi anafika kabla ya upakiaji wako kumaliza.

Hatua ya 9: Hakikisha imefika salama

Kiungo kisichofunguka ni kosa la kila siku. Kifungue wewe kwanza kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila akaunti yako. Kikikuomba ruhusa, mteja naye ataombwa. Wakati huohuo, usiachie video za watoto na wageni wa watu kiungo kisicho na mwisho. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa data yake binafsi. Mpe ruhusa mwenye barua pepe husika, na ufunge kiungo kazi ikiisha.

Kwa picha asili, tuma pamoja nazo alama ya SHA-256, msururu wa herufi na nambari unaokokotolewa kutoka kwenye faili yenyewe. Windows hutoa alama hiyo kwa certutil -hashfile jina.mp4 SHA256, Mac kwa shasum -a 256 jina.mp4. Mhariri afanye vivyo hivyo upande wake; alama zikifanana, hakuna hata biti moja iliyopotea njiani. Zikitofautiana, tuma faili hiyo peke yake.

Na kadi za kamera usizifute kwa sababu mstari umeandika asilimia 100. Subiri mhariri aseme amefungua klipu za mwanzo, za katikati na za mwisho, na kwamba sauti inasikika. Ukiwa na kazi nyingine Jumamosi inayofuata na kadi hazitoshi, kodi nyingine mjini kwa siku hiyo.